Intaneti yetu ilikuwa inaliwa na gemu iliyokwisha kufungwa

Mke wangu anafundisha Kiswahili kwa simu ya video. Wanafunzi wake wengi wako Ujerumani, na vipindi huangukia jioni, muda ambao hapa nyumbani Tabata kila mtu yuko mtandaoni. Tatizo lilikuja kwa sura ya ajabu: yeye anawaona wanafunzi vizuri na kuwasikia vizuri, ila wao wanamwona ameganda na sauti yake inakatikakatika. Mmoja akaomba somo liahirishwe. Hiyo ndiyo kazi yake, kwa hiyo sikutaka kusubiri ijitengeneze yenyewe.

Ukiitazama vizuri, dalili ile inasema mengi. Kinachoingia kinaingia; kinachotoka ndicho kinachokwama. Huduma kwa wateja waliniambia nizime rauta na kuiwasha, kisha wakanishauri nihamie kifurushi cha juu. Kuzima na kuwasha kulisaidia kweli, kwa saa moja hivi, halafu hali ikarudi palepale. Kifurushi nilikikataa mpaka nijue hela inakwenda kutibu nini.

Nilifungua madirisha mawili ya amri kwenye kompyuta. La kwanza nililiachia liipigie ping, yaani ujumbe mfupi wa kupima jibu linachukua muda gani kurudi, rauta yenyewe, 192.168.1.1, na la pili liipigie 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje kabisa ya nyumba. Rauta ilijibu kwa milisekunde 2 au 3 bila kuyumba, maana yake waifai ilikuwa nzima. Dirisha la pili lilianza na 38, 41, kisha likaruka 900, 1,350, 1,480, na majibu mengine hayakurudi kabisa. Kipimo cha kasi kikaonyesha kupakua megabiti 11 kati ya 20 tunazolipia, na kupakia 0.3 kati ya 5. Hiyo 0.3 ndiyo iliyokuwa inambeba mwalimu na darasa lake.

Nikaanza kuchomoa kimoja kimoja: TV, simu, tableti. Hakuna kilichobadilika. Nilipochomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta ya mpwa wangu, namba zikashuka hadi 40 papo hapo.

"Anko, mimi sichezi. Gemu nilishaifunga tangu mchana."

Alikuwa anasema kweli. Nilirudisha waya, nikaandika resmon kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, nikaingia sehemu ya mtandao na kuzipanga programu kwa safu ya baiti zinazotumwa. Juu kabisa ikakaa programu ya kusasisha ile gemu. Dirisha lake lilikuwa limefungwa, lakini alama yake ndogo bado ilikuwa pembeni ya saa, chini kulia, ikiwa imeunganishwa na anwani nyingi kiasi kwamba nilisogeza orodha na haikuisha.

Gemu kubwa za siku hizi zinafika GB 100 na zaidi. Ili kupunguza mzigo wa seva zao, baadhi ya watengenezaji huwafanya wachezaji wapeane vipande vya faili wao kwa wao. Ni mbinu ya BitTorrent, aliyoitunga Bram Cohen mwaka 2001, na hata masasisho ya World of Warcraft yaliwahi kusambazwa hivyo. Mbinu yenyewe naiheshimu sana. Ninachokipinga ni tiki ya kuruhusu kugawana kuwekwa tangu mwanzo bila mwenye mtandao kuulizwa, na kugawa kuendelea baada ya mchezaji kuondoka.

Kwa nini kupakia tu kuvuruge kila kitu? Chukua njia yetu ya megabiti 5 kwa sekunde. Rauta ikiruhusu foleni ya megabaiti 1, hizo ni megabiti 8, kwa hiyo pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inayofika nyuma ya foleni inasubiri sekunde 1.6 kabla ya kutoka nyumbani. Sauti ya mwalimu inapanga mstari nyuma ya vipande vya gemu. Hata kupakua kunadorora, kwa sababu kila data inayoingia kwa TCP, utaratibu unaotumiwa na tovuti na upakuaji mwingi, lazima irudishiwe taarifa ya kupokelewa, na taarifa hizo nazo zimo kwenye foleni ileile. Mhandisi Jim Gettys aliugundua ugonjwa huu nyumbani kwake na kuuita bufferbloat mwaka 2010.

Kuna la pili, nalo ndilo linaloeleza kwa nini kuzima na kuwasha kulisaidia kidogo. Rauta huweka rekodi ya kila muunganisho unaopita, na nafasi ya rekodi ina kikomo; ukiizima, rekodi hizo hufutika. Rauta nyingi za nyumbani hutumia Linux, ambayo kwa kawaida huitunza rekodi ya muunganisho wa TCP ulio kimya kwa siku 5, mtengenezaji asipobadilisha. Programu inayozungumza na mamia ya watu huijaza nafasi hiyo, na hapo tovuti mpya zinagoma kufunguka huku meseji za WhatsApp zikiendelea kuingia.

Kwenye mipangilio ya programu ya gemu niliondoa tiki ya kugawana na wachezaji wengine, nikazuia pia isijiwashe pamoja na Windows. Windows yenyewe ina tabia hiyo kwa masasisho yake, kwenye Delivery Optimization. Pale nilichagua kompyuta za mtandao wa ndani tu, ambayo ni faida, maana kompyuta mbili za nyumbani zinapeana sasisho bila kulipakua mara mbili. Mwisho nikabadilisha rauta kwa inayokubali OpenWrt, programu huria ya kuendeshea rauta, nikawasha SQM, kipengele chake cha kusimamia foleni, na kuiwekea kupakia megabiti 4.3, chini kidogo ya kasi halisi, ili foleni ibaki kwangu na isimamiwe kwa haki. Hiyo ndiyo hatua ninayoipendekeza kuliko zote. Sasa mpwa wangu anapakua sasisho wakati wa somo, ping inacheza kati ya 45 na 60, na darasa linaendelea.

Kwenye rauta ya 4G kikomo cha namba moja isiyobadilika hakikai vizuri, kwa kuwa kasi ya mnara hupanda na kushuka, hivyo kuondoa ile tiki ndiyo kinga kubwa. Na kama kifurushi chako ni cha GB, kinachopakiwa nacho kinakatwa humohumo. Fungua hesabu ya matumizi kwenye rauta leo, uangalie safu ya data iliyotumwa kabla ya kununua kingine.