Nilivyopata field kwa jaji wa federal New York

Wakuu, kuna watu wananiuliza nimewezaje kufanya field ofisini kwa jaji wa mahakama ya federal, yaani ya serikali kuu ya Marekani, pale Manhattan wakati mimi Mbongo tu niliyeenda kusoma masters ya sheria. Kwanza hii haina mshahara, unajitolea, na mji ule unakula hela balaa, kwa hiyo jipange.

Wenzangu walikuwa wanatuma barua ileile kwa majaji wote wanabadilisha jina tu. Mimi niliingia tovuti ya Federal Judicial Center, pale kuna wasifu wa majaji wa federal tangu 1789, bure kabisa, nikawa nawasoma mmoja mmoja usiku. Njia zao hazifanani. Kuna waliotoka kuendesha mashtaka, kuna waliokuwa wanatetea washtakiwa wasio na uwezo, Constance Baker Motley yeye alitoka kwenye kesi za haki za weusi, Rais Johnson akamteua 1966, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa federal. Na Katiba yao haijaweka sharti lolote la elimu wala uzoefu! Majirani zetu Kenya ujaji wa High Court bila miaka 10 ya uzoefu hata usijisumbue. Kule Marekani rais anateua, Seneti inathibitisha, ila maseneta wa jimbo husika wakikugomea mara nyingi jina linafia hapohapo, kwa hiyo siasa imo, tusidanganyane. Ukishapita ni maisha, mpaka ufe, uondoke mwenyewe au Bunge likung'oe.

Kwenye barua yangu sikuandika habari za ndoto zangu za utotoni. Niliandika kuhusu Ghailani, yule Mtanzania aliyeshtakiwa kwa mabomu ya balozi za Marekani Dar na Nairobi ya Agosti 7, 1998. Kesi ilisikilizwa mahakama hiyohiyo 2010, na Jaji Kaplan akamkataa shahidi muhimu wa serikali kwa sababu jina lake lilipatikana baada ya CIA kumbana mshtakiwa. Mwisho baraza la wazee, yaani raia wa kawaida waliochaguliwa kuamua, wakamfutia mashtaka yote zaidi ya 280 isipokuwa moja, na hilo moja Kaplan akampa kifungo cha maisha Januari 2011. Jaji anayeogopa kufukuzwa angethubutu? Mimi sidhani.

Interview karibu yote ilikuwa hiyo kesi, jaji niliyemwomba aliniuliza watu wa Dar waliupokeaje uamuzi ule, nikamwambia ukweli kwamba baba yangu mdogo mpaka leo hataki kuusikia. Akacheka. Nikapata.

Kazi yenyewe sasa, sahau mambo ya kwenye tivii, kesi nyingi zinaishia kwa watu kukubaliana au kukiri kosa, kwa hiyo jaji anashinda kwenye makaratasi na wewe unamwandikia muhtasari wa maombi ya mawakili. Kinachomuumiza kichwa ni kupanga adhabu, maana tangu 2005 mwongozo wa miaka ya kifungo ni ushauri tu, haumfungi.

Ukitaka kuomba andaa CV, matokeo ya chuo na kitu cha kisheria ulichoandika mwenyewe, kifupi. Na uangalie kila jaji anataka barua ifikeje, wengine email hawapokei kabisa.