Nilivyompatia kaka daktari wa mapafu

Kaka alichimba tanzanite Mirerani miaka mingi. Kifua kikaanza kumbana, na kila tulikokwenda walimwanzishia dozi ya TB ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani!

Nikaandika historia ya kazi yake kwenye karatasi, vumbi la kuchoronga na yote, nikaibana pamoja na picha za eksirei za zamani (msizitupe jamani), kisha nikang'ang'ania barua ya rufaa kwenda hospitali ya Kibong'oto, Siha. Kule wachimbaji si wageni. Wakampulizisha mashine ya kupima pumzi, wakalinganisha picha: silikosisi, yaani mapafu kuharibiwa na vumbi la mawe. Haiponi, na huifungulia TB mlango, hivyo bado wanampima makohozi. Shimoni harudi tena.