Mlezi Mmoja, Madaftari Mawili

Jumamosi iliyopita nilihudhuria kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti, katika ukumbi mdogo huku kwetu Likoni, Mombasa. Barabara zilijadiliwa kwa takriban saa nzima, maji ya mfereji nusu saa, kisha bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango, mjukuu wake wa miaka tisa akiwa mgongoni kwa leso, akaomba kusema. Mtoto ana mtindio wa ubongo. Nyumbani yupo pia mumewe bibi, ambaye tangu apooze upande mmoja hawezi kujigeuza kitandani. Basi kila mtoto anapovushwa feri kwenda mjini kufanyishwa mazoezi ya viungo, mzee hubaki peke yake, simu na kikombe cha maji vikiwa upande wa mkono wake mzima.

Afisa aliyeongoza kikao alimsikiliza kwa adabu. "Mama," akamwambia, "suala la mtoto ni la idara ya watoto, na hiyo ni serikali kuu. La mzee lipeleke kwa chifu, aandikishwe Inua Jamii."

Kuhusu mgawanyo wa kazi hakukosea sana. Maafisa wa watoto wako chini ya serikali kuu, na fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70, kwa yatima na kwa wenye ulemavu mkubwa, hutoka huko huko. (Nepi za mtu mzima pekee zaweza kuzimaliza, na bado hajala.) Hata hivyo, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi kaunti huduma za afya za mashinani, elimu ya chekechea na vituo vya malezi ya watoto, kwa hiyo haiwezekani kaunti ikapanga kana kwamba malezi ni habari ya Nairobi. Mzee ameandikwa katika daftari moja na mtoto katika jingine, ilhali anayewabeba wote wawili hayumo katika lolote.

Kasoro naiona katika kinachohesabiwa. Kituo kikijengwa, jedwali la mpango hujazwa. Saa alizopumzishwa mlezi hazina safu. Wakati huo huo wahudumu wa afya ya jamii, ambao posho yao huchangiwa na serikali zote mbili, hupita nyumba kwa nyumba na wanajua vizuri ni wapi pana mgonjwa wa kitandani na wapi pana mtoto asiyetembea. Takwimu zao zingejumlishwa wadi kwa wadi kabla kalamu haijashikwa, mpango ungeanza na watu. Tena wakati haungoji: sheria inataka mpango wa mwaka ufike katika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili inayofuata, kwa hiyo jambo lisiloandikwa Septemba hupata taabu kutafutiwa fedha Aprili.

Baada ya kikao, mimi na majirani wawili tuliandika ombi la ukurasa mmoja: mtaalamu wa mazoezi ya viungo avuke yeye kuja Likoni, japo siku moja kwa wiki, na awepo mtu wa kukaa na mgonjwa nyumbani kwa saa chache. Tulipomtafuta bibi atie sahihi, tuliambiwa ameshaondoka, amekwenda kumgeuza mzee.