Mpira wa Mkojo, Homa Zisizokwisha na Karatasi ya Maabara: Nilivyomuuguza Baba Pemba

Baba yangu alikaa na mpira wa mkojo, ule unaoingizwa kwenye kibofu ukatoa mkojo hadi kwenye mfuko, kwa miezi mingi akisubiri upasuaji wa tezi dume, na kwa muda wote huo kazi ya kumuuguza ilikuwa mikononi mwangu na mwa mdogo wangu, nyumbani kwetu Pemba. Mimi ni mwalimu wa skuli, si mtu wa afya, na yote nitakayoyaeleza nimeyapata kwa wauguzi, kwa daktari aliyetusaidia na kwa kusoma. Naandika kwa sababu majumba mengi ya visiwani yana mzee wa namna hii ndani, akipandwa na homa, akipewa dawa, akipoa kidogo, kisha homa ikarudi. Sisi tuliponea kwenye mambo mawili: kumjua hasa mdudu aliyekuwa akimsumbua, na kumfungia njia aliyokuwa akiingilia.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama yanavyokwenda kwa watu wengi. Homa ilipompanda, mtu alitumwa duka la dawa akarudi na sipro, dawa ya kuua bakteria, mara nyingine vidonge vichache tu kwa kadiri ya fedha iliyokuwepo. Kila aliyekuja kumtazama alikuwa na dawa yake: huyu amoksilini iliyobaki kwa mjukuu, yule septrini. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilisema jambo hili katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945, kwamba huenda ukafika wakati penisilini ikauzwa madukani kwa kila mtu, na asiyejua akameza kiasi kidogo kisichotosha kuviua vijidudu bali kuvizoesha dawa. Nilipoisoma kauli hiyo nililiona duka la mtaani kwetu waziwazi.

Hatimaye homa moja ilikuja na mtetemeko uliotikisa kitanda, na baba akaanza kuzungumza mambo yasiyoeleweka. Tulimlaza hospitali, ambayo sioni haja ya kuitaja, akaanzishiwa sindano za seftriaksoni. Homa haikushuka. Daktari mmoja kijana, alipokuwa akipita vitandani asubuhi, aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Mkojo wa mzee umewahi kuoteshwa?"

Haukuwahi. Kuotesha ni kuuweka mkojo maabara ili bakteria waliomo wakue, wajulikane ni wa aina gani na dawa gani inawaua. Alichofanya kwanza ni kuagiza mpira wa zamani utolewe na kuwekwa mpya, ndipo mkojo uchukuliwe. Alinieleza kwamba ndani ya mpira uliokaa zaidi ya wiki mbili hujengeka utando wa bakteria, kama ukoga unavyoshika kwenye kuta za tangi la maji, na mkojo unaopita humo huzoa kila kilichomo, hata wadudu wasiohusika na ugonjwa. Isitoshe, utando huo huwakinga bakteria wasifikiwe vizuri na dawa, kwa hivyo kuubadilisha mpira peke yake ni sehemu ya tiba. Mkojo wenyewe haukuchotwa kwenye mfuko, ambako huwa umekaa kwa saa kadhaa na vijidudu vimekwishazaana. Ulitoka kwenye mpira mpya moja kwa moja hadi kwenye kikopo kisafi chenye kifuniko. Tuliambiwa ufike maabara ndani ya saa mbili, au uwekwe kwenye ubaridi. Mdogo wangu aliupakia kwenye kasha la barafu analochukulia samaki, baada ya kulisugua na kulisuuza, akaondoka nao.

Nilipofuata majibu, fundi wa maabara alikubali kunionesha kisahani chenyewe. Kilikuwa cha plastiki, kimejaa kitu kama jeli iliyoganda, na juu yake bakteria walikuwa wameota wakafanya zulia jeupe. Juu ya zulia hilo vilipangwa viduara vidogo vya karatasi, kila kimoja kimetiwa dawa yake na kuandikwa herufi. Penye dawa inayofanya kazi, bakteria hawakuota, pakabaki duara wazi ambalo fundi hulipima kwa rula, kwa milimita, akalinganisha na jedwali. Kuzunguka sipro bakteria walikuwa wamesogea hadi ukingoni mwa karatasi. Kuzunguka seftriaksoni vilevile, na septrini vilevile. Kwenye amikasini, dawa nyingine ya sindano, palikuwa na uwazi mpana, na kwenye meropenemu, nayo ya sindano, mpana zaidi. Dawa zote tulizokuwa tukizinunua kwa miezi zilikuwa pale, zimezungukwa na wadudu wenye afya njema.

Mdudu mwenyewe alikuwa Klebsiella pneumoniae. Wa namna yake hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja seftriaksoni na dawa za ukoo wake kabla hazijafanya kazi, na maelekezo ya kukitengeneza yamo kwenye kipande kidogo cha vinasaba ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake, hata akiwa wa aina nyingine. Nilimuuliza daktari kwa nini asimpe baba meropenemu, kwa kuwa ndiyo iliyoonesha duara kubwa. Alijibu kwamba ukubwa wa duara haumaanishi kwamba dawa moja ni bora kuliko nyingine, kwani kila dawa ina kipimo chake. Kisha akanieleza kuwa Shirika la Afya Duniani limezigawa dawa hizi makundi matatu tangu mwaka 2017: za kutumika kwanza, za kutumika kwa uangalifu na za akiba. Amikasini imo kundi la kwanza. Meropenemu, pamoja na sipro na seftriaksoni tulizokuwa tukizichezea, zimo kundi la pili. Meropenemu ikizoeleka kwa wadudu wa wodi ile, mgonjwa atakayekuja na hali mbaya zaidi hatabakiwa na kitu. Hata hivyo amikasini, ambayo ndiyo aliyompa baba, nayo si ya kuchezea, kwa sababu inaweza kuumiza figo na masikio, hasa kwa mzee, kwa hiyo damu yake ilipimwa kuangalia figo kabla ya sindano na wakati zinaendelea. Homa ilishuka, akili ikamrudia, akaanza kulalamika kwamba uji wa hospitali hauna chumvi.

Swali lililobaki lilikuwa namna mdudu huyo alivyomfikia, na namna ya kumzuia asirudi. Sina ushahidi kwamba alimpata hospitali na sitamlaumu mtu. Lakini katika wodi niliona jambo ambalo baada ya hapo sikuweza kulifumbia macho: jagi moja la plastiki lilipita kitanda hadi kitanda likikusanya mikojo ya wagonjwa wote wenye mpira, na bomba la chini la kila mfuko likigusa ukingo wa jagi lilelile. Wahudumu walikuwa wachache na wagonjwa wengi. Sikuona dharau, niliona uchovu. Nilinunua jagi letu, nikaandika jina la baba kwa wino usiofutika, na kuomba kwa adabu kwamba sisi wenyewe tuumwage mkojo wake. Muuguzi mkuu hakukasirika hata kidogo. Siku ya pili jamaa wa vitanda viwili vya jirani nao walikuja na majagi yao. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini usugu wa dawa hukaa zaidi hospitalini: dawa nyingi, miili dhaifu, mipira na sindano zinazofungua njia za kuingia mwilini, na mikono inayohama kutoka kwa mtu hadi mtu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliozishinda dawa, na mzigo ulikuwa mzito zaidi Afrika kusini mwa Sahara.

Nyumbani tulikuta njia nyingine ya mdudu, ambayo wala isingegunduliwa na daktari. Baba ni mtu wa kuswali kwa wakati. Kwake yeye mfuko uliojaa mkojo ni najisi, na hakuona vipi atasimama mbele ya Mola wake akiwa nao ubavuni. Kwa hiyo kila ilipoadhiniwa alikuwa akiuchomoa mfuko kutoka kwenye mpira, akiufunga mdomo wa mpira kwa kipande cha kanga, na baada ya sala akiurudisha. Mara tano kwa siku, na zaidi alipoamka usiku. Muuguzi alikuwa ametuhimiza kuliko jambo jingine lolote kwamba pale mpira unapoungana na mfuko pasifunguliwe ila siku ya kubadilisha, kwani njia ikiwa imefungwa bakteria huchelewa kupanda, na kila ikifunguliwa huingizwa kwa mkono.

Si rahisi mtoto kumwambia baba yake kwamba sala yake inamletea maradhi, na sikuthubutu. Nilikwenda kwa imamu wa msikiti wetu nikamueleza mpira unavyofanya kazi, hadi nikamchorea. Alikuja jioni kana kwamba anakuja kumtazama mgonjwa, akakaa kitako kwenye mkeka, wakazungumza habari za karafuu kwanza. Kisha akasema, "Mzee wangu, wewe una udhuru wa kudumu. Subiri wakati wa sala uingie, tawadha, uswali hapohapo na mpira wako. Kila faradhi kwa udhu wake. Usichoweza kukiepuka umesamehewa." Baba aliuliza kuhusu mkojo uliomo mfukoni. Imamu akamjibu aumwage kabla, kwa bomba la chini, bila kuuchomoa mfuko. Tangu siku ile mfuko haukuchomolewa tena, na mimi naamini, ingawa sina kisahani cha kuthibitisha, kwamba mazungumzo yale yalifanya kazi kubwa kuliko sindano.

Mengine yalikuwa ya kawaida na nitayapitia upesi. Mfuko ulining'inizwa chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, na ulimwagwa kabla ya kujaa. Mpira ulibandikwa kwenye paja usivutike. Sehemu unapoingilia ilioshwa kila siku kwa maji na sabuni ya kawaida, bila dettoli wala spiriti. Kabla na baada ya kugusa chochote katika hivyo, mikono ilioshwa kwa sabuni kati ya sekunde 40 na 60, muda ambao ni mrefu kuliko mtu anavyodhani mpaka auhesabu. Kwa wageni, ambao kwetu hawazuiliki na wala sitaki wazuilike, tulirudisha mlangoni ile ndoo ya bomba iliyobaki tangu wakati wa korona. Bibi mmoja aliguna kwamba anapokewa kama mwenye kipindupindu. Mdogo wangu akanawa mwanzo yeye, mbele yake, na bibi akafuata.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni kukataa dawa. Mkojo wa mtu mwenye mpira huweza kuwa na ukungu, kuwa na harufu, na kuotesha bakteria, na bado mtu mwenyewe akawa mzima. Kila siku mpira unapokuwapo, asilimia 3 hadi 7 ya wagonjwa ambao hawakuwa nao hupata bakteria kwenye mkojo, na ukitimia mwezi karibu wote huwa nao. Kuwapa dawa watu hao ilhali hawana homa, maumivu wala mabadiliko ya hali, hakuwasaidii. Hubaki wale wadudu walioishinda dawa, wakizaana bila wapinzani. Ami yetu alikuja kutoka Dar es Salaam na boksi zima la sipro, kwa mapenzi ya dhati, akauona mfuko una ukungu na akataka baba aanze usiku uleule. Nilimwambia, "Ami, ahsante sana, lakini daktari ametuambia tutazame mwili, tusitazame mfuko. Akipata homa tutampeleka aoteshwe." Nilimuonesha karatasi ya maabara, penye sipro pameandikwa kwamba mdudu ni sugu. Alinyamaza, kisha akaliacha boksi mezani kwa heshima yake. Mimi nililirudisha duka la dawa likaharibiwe.

Habari hizi zilimfikia mwanamke mmoja wa mtaani kwetu anayefanya kazi ya kuwatunza wazee wasio na jamaa katika makaazi ya wazee. Alikuja kuangalia tulivyopanga vitu, na swali lake lilinifikirisha: sisi tuna mzee mmoja na mikono minne, yeye ana mikono miwili na wazee wengi, sasa aanzie wapi? Tulikubaliana aanze na majagi, kila mzee lake, na kuuliza kila wiki kama mpira wa fulani bado unahitajika, maana mpira uliotolewa hauambukizi mtu.

Zamu ya upasuaji ilipofika tulivuka naye Unguja. Hapo ilikuja hali ambayo kuotesha mkojo bila homa kulikuwa na maana yake, kwa sababu upasuaji wa tezi hujeruhi njia ya mkojo na bakteria waliotulia huweza kuingia kwenye damu. Daktari wa huko alitaka kujua historia, nami nikampa karatasi ile pamoja na ya kuotesha upya. Alizisoma zote mbili, akabadilisha dawa aliyokuwa ameshaiandika ya kumkinga wakati wa upasuaji, kwa kuwa ilikuwa ya ukoo wa seftriaksoni. Baba alipona bila homa, mpira ukatolewa, na siku hiyo alitawadha mwenyewe.

Karatasi ya maabara imo kwenye daftari lake la hospitali, na picha yake imo kwenye simu ya kila mtoto wake, maana mwenye vijidudu hivi huweza kuvibeba tumboni kwa miezi bila kuugua. Yeyote kati yetu atakayempeleka kokote, iwe kwa maradhi ya mguu au ya jino, ataionesha kabla dawa haijaandikwa.