Piling ya uso ilikotoka, na kwa nini nakuuliza maswali mengi kabla sijakugusa

Haipiti wiki bila mteja kuniuliza kama nafanya piling (kuchubua ngozi ya juu ya uso) "ile kali". Wengi wao ni maharusi watarajiwa. Chunusi zimeisha, zimeacha madoa meusi mashavuni, na kadi za mwaliko zimeshasambazwa. Nafanya kazi ya urembo wa ngozi hapa Tanga, na kabla ya chuo nililelewa na shangazi yangu aliyekuwa akisinga maharusi toka Pangani mpaka mjini. Kwa hiyo habari ya kuondoa ngozi iliyochoka ili ya chini ing'ae nimekua nayo nyumbani. Leo nieleze ilikotoka, maana anayeijua historia yake huelewa mara moja kwa nini hiyo kali simpi kila anayeiomba.

Tuanzie Misri. Katika mafunjo ya Ebers, maandishi ya tiba ya kale, yaliyoandikwa yapata mwaka 1550 KK, kuna dawa ya kuulainisha mwili: unga wa alabasta, magadi, chumvi na asali, vyote kipimo sawa. Mwanamke yeyote wa hapa akisikia hivyo vitu atajua ni nini. Ni skrabu. Chembe za jiwe na chumvi zinakwangua, magadi yanalegeza mafuta na uchafu, asali inashika mchanganyiko usidondoke na inaacha ngozi laini.

Na sisi wa pwani tuna singo. Shangazi alikuwa akikausha mawaridi, asmini, langilangi, mrehani na mpompia kivulini, kamwe si juani, kisha anavitwanga. Liwa, ule mti wa manukato, aliisaga mwenyewe juu ya jiwe, anamwagia marashi tone tone huku anazungusha kile kipande cha mti mpaka uji wa rangi ya mchanga ujikusanye pembeni. Akishampaka bibi harusi, anasubiri singo ianze kukauka, halafu anasugua kwa viganja, na nongo zinatoka zimejiviringa. Hizo nongo alizitazama kwa makini. Zikiwa za kijivu anaendelea, zikianza kupungua anaacha hapo hapo, na ngozi ikipata wekundu au joto anaosha kwa maji baridi. Haikuwahi kutoka damu mikononi mwake. Nilipokwenda kusomea kazi hii niligundua kwamba kile alichokuwa anakipima kwa macho na viganja ndicho wanachokipima madaktari kwa mashine: umekwenda kina gani.

Kila kitu kiko hapo kwenye kina. Ngozi ya juu ya uso ni nyembamba mno, ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Chini yake ipo ngozi nene yenye mishipa ya damu, na humo ndimo ilimo mizizi ya vinyweleo na tezi za mafuta. Ukiondoa ya juu, hata pamoja na sehemu ndogo ya ile nene, seli zilizobaki kwenye mizizi ya vinyweleo hupanda na kukifunika kidonda kwa siku chache. Ukipita hapo ukaiharibu na mizizi yenyewe, hakuna tena cha kuotesha ngozi, na mwili unaziba kwa kovu.

Wazungu waliligundua hilo kwa njia mbili, ya asidi na ya mashine. Upande wa asidi, Ferdinand von Hebra wa Vienna alikuwa akitibu madoa ya uso kwa kemikali kali katika karne ya 19, na mwaka 1882 Paul Gerson Unna wa Hamburg alieleza kazi ya asidi ya salisiliki, risosinoli na fenoli, zote kemikali za kuchubua. Asidi ya salisiliki ya Unna ndiyo hiyo hiyo iliyoko leo kwenye sabuni za chunusi unazonunua dukani. Upande wa mashine, Ernst Kromayer wa Berlin aliandika mwaka 1905 jinsi alivyosugua makovu kwa vifaa vya chuma vinavyozunguka, vikiendeshwa na mota kama ya daktari wa meno, na akaona kwamba asipozama sana kidonda hupona bila kuacha kovu. Mwaka 1947 Mmarekani Iverson alitumia msasa, naam, msasa uliosafishwa vijidudu vikafa, kutoa chembe zilizozama kwenye nyuso za majeruhi. Abner Kurtin wa New York akaja na brashi ya waya mwaka 1953, anaigandisha ngozi kwanza ndipo anasugua.

Ila sehemu inayonigusa zaidi ni ya wanawake wa Marekani ambao hawakuwa madaktari. Kuanzia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mpaka miaka ya 1960, huko Hollywood na Florida, walikuwepo mafundi wa urembo waliokuwa wakiwachubua wateja uso mzima kwa fenoli, kila mmoja na mchanganyiko wake wa siri. Madaktari waliwapiga vita, na wakati huo huo walijifunza kwao. Miaka ya mwanzo ya 1960 Thomas Baker na Howard Gordon wa Miami walichapisha mchanganyiko uliokuja kutumika kila mahali: mililita 3 za fenoli ya asilimia 88, mililita 2 za maji ya bomba, matone 8 ya sabuni ya maji na matone 3 ya mafuta ya krotoni, mafuta makali ya mbegu. Ulipakwa uso sehemu kwa sehemu, kwa mapumziko, mgonjwa ametundikiwa dripu na moyo unafuatiliwa kwa mashine, kwa sababu fenoli hupenya mpaka kwenye damu na huweza kuuvuruga mwendo wa moyo. Watu walikunjuka kweli, mikunjo ya miaka ikafutika.

Kwa karibu miaka 40 iliaminika kwamba kazi yote inafanywa na fenoli. Mwaka 2000 Gregory Hetter alionyesha kwamba yale matone matatu ya krotoni, ambayo hakuna aliyeyajali, ndiyo yenye nguvu ya kuamua kina. Kila nikimwona mtu anachanganya vitu kwenye kikombe kwa kukadiria, nayakumbuka matone hayo.

Fenoli ina tabia nyingine: ngozi inayoota baada yake huwa nyeupe kuliko ya mwanzo, moja kwa moja. Kwa mzungu hasa mstari huishia chini ya taya na poda inauficha. Kwa mtu mweusi ni uso wa rangi moja na shingo ya rangi nyingine maisha yote. Na hata asidi zisizofika kina hicho, kwa ngozi zetu zina hatari ya upande wa pili. Ngozi yetu ikiumia hujihami kwa kumwaga rangi, na pale ulipotaka kutoa doa unapata doa kubwa zaidi. Nimempokea dada mmoja aliyefanyiwa mahali pengine, mashavu yote mawili meusi tii, na mpaka wa brashi unaonekana wazi kwenye taya. Ilichukua miezi mingi ya krimu ya jua na uvumilivu, na hakuwahi kurudi sawasawa kama alivyokuwa.

Na hapa ndipo historia hii inaponitia uchungu. Kitabu tulichosomea kilikuwa na nyuso nyeupe mwanzo mpaka mwisho. Lakini ngozi nyeusi haikukosekana kwenye utafiti. Katika gereza la Holmesburg, Philadelphia, kuanzia 1951 mpaka 1974, daktari Albert Kligman alifanya majaribio kwenye ngozi za wafungwa, wengi wao watu weusi, na tretinoini ambayo leo inauzwa dunia nzima kulainisha uso ilijaribiwa humo pia. Jiji la Philadelphia liliomba radhi rasmi mwaka 2022. Ngozi zetu zilifaa kujaribiwa, lakini hazikufaa kuchapishwa kama mfano wa mgonjwa wa kuhudumiwa.

Ndiyo maana nampenda Pearl Grimes, daktari mweusi wa Los Angeles. Mwaka 1999 alichapisha matokeo ya piling ya asidi ya salisiliki, asilimia 20 na 30, kwa wagonjwa 25 wa ngozi za rangi. Kwanza aliwaandaa kwa wiki mbili, na hakwenda kina. Waliendelea vizuri. Kazi ndogo kwa hesabu, lakini mtu alikuwa ameketi na kuuliza swali letu. Afrika nayo ina mkono wake: Desmond Fernandes wa Cape Town alitengeneza rola ya sindano ndogo ndogo katika miaka ya 1990, inayotoboa bila kuondoa ngozi ya juu, na kwa weusi hiyo ni nafuu kubwa. Leza za kaboni dayoksaidi za miaka ya 1990 zilichoma uso mzima. Tangu 2004 zipo zinazochoma kwa nukta nukta na kuacha ngozi isiyoguswa katikati, hivyo uso hupona haraka, ingawa kwetu bado zinataka mkono mzoefu.

Kwa hiyo ukija kwangu nitakuuliza kama nyumbani kwenu kuna mtu mwenye keloidi (makovu yanayovimba), kama una mimba, kama midomo yako huota vipele vya homa, umepaka nini usiku wa jana. Ukiwa na wiki mbili kabla ya harusi nitakupa singo na krimu ya jua, basi. Makovu ya mashimo siyagusi, hayo nakuandikia uende Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo tangu 1992. Na kama umewahi kupaka mkorogo, hata mwaka jana, njoo na kopo lake. Sitakusema. Kopo likiwa na steroidi au zebaki ngozi yako ni nyembamba kuliko inavyoonekana, na asidi ambayo kwa mwenzio itaishia juu, kwako itazama.