Pembe Mbili za Jiaozi

Jumamosi iliyopita, nyumbani kwa rafiki yangu hapa Tabora, mpishi wa Kichina anayewapikia wajenzi wa reli ya kisasa ya kwenda Kigoma alitufundisha kupika jiaozi. Alisukuma vidonge vya unga vikawa kama chapati ndogo za upana wa kiganja, akatia katikati nyama ya kusaga iliyochanganywa na chainizi iliyokamuliwa maji, kisha akakunja na kubana kingo mpaka kila kimoja kikawa na tumbo nene na ncha mbili zilizopinda. Mama mwenye nyumba, ambaye hukaanga sambusa kila Ramadhani, alikitazama kimoja kiganjani akasema, "Hizi zina pembe mbili, zangu zina tatu."

Bila kujua, alikuwa ametaja asili ya jina lenyewe. Zamani jiaozi iliandikwa kwa alama ya jiao yenye maana ya pembe, na alama hiyo, sawasawa na neno letu, hutaja pembe ya ng'ombe na pia pembe ya umbo, hata pembetatu kwa Kichina ikaitwa sanjiao, yaani jiao tatu. Zi ya mwishoni ni kiambishi tu. Baadaye ilitumika alama nyingine, yenye sehemu ya chakula kushoto na sehemu ya kuonyesha sauti kulia, na hivyo pembe ikatoweka katika maandishi ingawa imebaki sahanini.

Yapo maelezo mengine mawili. Hadithi husema tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, ukoo wa kale wa wafalme wa Uchina, aliwapikia maskini walioumwa masikio kwa baridi vifurushi vya nyama ya kondoo na dawa, vyenye umbo la sikio, vikaitwa jiao'er, er ikiwa ni sikio. Wengine hulihusisha jina na usiku wa mwaka mpya, kwa kuwa jiao nyingine ni kupokezana na zi ni saa ya Kichina inayoanza saa tano usiku hadi saa saba, mwaka unapobadilika.

Hadithi ya tabibu inanigusa sana, lakini mimi nasimama na pembe. Kichina hutofautisha maneno kwa toni, yaani jinsi sauti inavyopanda au kushuka, na nilipomwomba mpishi atamke yote manne polepole, jiao ya chakula na jiao ya pembe zilishuka na kupanda kwa namna moja, ilhali ile ya jiao'er na ile ya kupokezana zilibaki juu, zimenyooka.