Ibada huonekana vizuri inapokosewa

Neno ibada limetoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa abdi, yaani mtumwa. Tangu asili, basi, linabeba utumishi, si hisia za moyo peke yake. Wasomi wa dini huangalia maneno yaliyopangwa, ishara za mwili, wakati wake, na nani ana mamlaka ya kuiendesha.

Utaratibu huo huonekana wazi zaidi pale mtu anapoteleza. Katika madhehebu ya Shafi, anayeswali akiwa na shaka kama amefikisha rakaa 3 au 4 huhesabu 3, huongeza 1, kisha husujudu sijida 2 za kusahau kabla ya salamu. Kosa lina dawa yake. Ubatizo wa Kikatoliki ni mkali zaidi: Agosti 2020 Vatikani ilitamka kwamba kusema "tunakubatiza" badala ya "nakubatiza" kunaubatilisha, na mtu hana budi kubatizwa upya. Kiambishi kimoja tu! Sababu ni kwamba anayebatiza hutenda kwa nafsi ya Kristo, si kwa niaba ya jamaa waliohudhuria.

Wanafunzi wengi hukimbilia kuuliza kila ishara "ina maana gani". Mwaka 1979 Frits Staal, msomi aliyechunguza matambiko ya Kivedi, yaani ya dini ya kale ya India, alidai kwamba tambiko ni kanuni tupu zisizo na maana. Alizidisha chumvi, kwa maoni yangu, ila swali la kwanza libaki lile alilolipenda: kanuni ni ipi?